Kabla Uzio wa Mabati Haujasimama: Mwongozo Kamili wa Kulifufua Jengo la Kale Tabora, Wakazi Wakiwemo

Ukitoka stesheni ya Tabora kwa miguu, chini ya miembe, huendi mbali kabla hujaliona jengo la kale: kuta nene za tofali, veranda ya nguzo, madirisha yaliyozibwa kwa mbao, na mtini uliojiotea juu ya ukuta. Kila mtaa wa zamani wa mji huu una lake. Wengine huliita godauni, wengine nyumba ya Mhindi, wengine boma, hata kama halikuwahi kuwa boma. Watoto hucheza humo, wasio na pa kulala hulala humo, na kila msimu wa mvua kipande cha ukuta huanguka.

Sasa ardhi ya mji inatazamwa upya. Reli ya kisasa inajengwa kupitia Tabora, na mkataba wa kipande cha kutoka hapa hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli ya kwanza ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuja na stesheni, maghala na nyumba za wafanyakazi, na mengi ya majengo tunayoyaita ya kale ni ya enzi hiyo. Reli ya pili itakuja na watu wanaotaka viwanja vilivyo chini ya majengo hayo.

Nimekaa katika mikutano ya mtaa kuhusu jengo la namna hii, na nimeona jinsi tunavyoshindwa. Tunaamka asubuhi moja uzio wa mabati umezunguka. Tunakusanyika, tunapaza sauti, mtendaji anaitwa, na jibu linakuja kwa upole kabisa: ndugu zangu, mngesema mapema, michoro imeshapita. Na ni kweli imeshapita. Sauti ya mkazi ina nguvu kubwa kabla ya michoro kuchorwa, ina nguvu kidogo wakati michoro iko mezani, na karibu haina nguvu mabati yakishasimama. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mapema, wakati jengo bado limelala na hakuna anayelitaka.

Anza na karatasi: jengo ni la nani

Usiitishe mkutano wowote kabla ya kujua mwenye mali. Nimeona kikundi cha vijana kikipanga mwaka mzima juu ya jengo waliloambiwa ni la halmashauri, kumbe lina warithi watano na kesi ya mirathi.

Tabora na Kigoma, jengo la kale kwa kawaida ni la mmoja kati ya hawa. Majengo ya stesheni, maghala na nyumba za kando ya reli mara nyingi ni ya Shirika la Reli. Nyumba za kupangisha zilizotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 ziliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, kisha zikaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za watumishi wa serikali mara nyingi ziko chini ya Wakala wa Majengo. Kuna ya manispaa, kuna ya misikiti, makanisa na jumuiya nyingine za dini, mengine yakiwa wakfu. Kuna yanayotumiwa na vyombo vya ulinzi, na hayo usiyapige hata picha bila ruhusa. Halafu kuna ya familia: Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Wanyamwezi waliofanya biashara mjini. Haya ndiyo magumu zaidi, kwa sababu babu alifariki, baba akafariki, mmoja wa watoto yuko Dar es Salaam, mwingine yuko Muscat, na hakuna aliyefungua mirathi.

Namna ya kufuatilia ni hii. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukiwa na mtaa, kitalu na namba ya kiwanja. Kama hujui namba, waombe wakuonyeshe kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Ukishaipata, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo utapewa jina la mmiliki, muda wa hati, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake. Angalia muda wa hati kwa makini, kwani hati za mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na si ajabu kukuta jengo la kale limekaa juu ya hati inayokaribia kuisha au iliyokwisha.

Kama ni la familia, hakuna mazungumzo yenye maana mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Wasaidieni. Mzee anayejua ukoo huo, mtu anayeandika barua vizuri na mwanasheria anayejitolea mara nyingi wanatosha kuamsha jambo lililolala miaka 30.

Sheria inalilinda au haililindi?

Watu wengi wanaamini jengo likiwa la Mjerumani basi limelindwa. Si hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa pale Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Ghala la reli la mwaka 1912 lilijengwa karibu miaka 50 baada ya mwaka huo, kwa hiyo halina kinga hiyo. Kama halijatangazwa, mwenye mali mwenye kibali anaweza kulibomoa Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo andikeni barua mbili. Ya kwanza iende Idara ya Malikale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiomba mtaalamu aje kulitazama jengo na kushauri kama linastahili kutangazwa. Ya pili iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Afisa Mipango Miji, mkiomba jengo litambuliwe katika mipango ya eneo lenu kama jengo lenye thamani ya kihistoria. Hii ya pili watu huisahau, nayo ndiyo yenye matokeo ya karibu zaidi, maana afisa anayepokea maombi ya kibali cha ujenzi ataikuta kwenye faili.

Mkiandika, liunganisheni jengo na historia ambayo nchi inaijua. Tabora haina uhaba wa historia hiyo. Hapa ndipo palipoitwa Kazeh, walipopumzika wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu Bagamoyo. Kwihara, nje kidogo ya mji, ndiko Livingstone na Stanley walikoagana Machi 1872. Kwihara na Ujiji zote mbili ziko katika njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Wabelgiji waliingia mji huu Septemba 1916. Mwaka 1958 chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilifanya hapa mkutano uliopitisha uamuzi wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Msiseme jengo lenu lilishuhudia haya yote kama hamna ushahidi. Semeni lilikuwepo lini, lilitumika kwa nini, na nani anakumbuka.

Zuia maji kwanza, mengine yasubiri

Hapa nitasisitiza, hata kama inaonekana nimeruka hatua. Jengo la kale hufa kwa maji. Karatasi mnazozungusha zitachukua mwaka au zaidi, na Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka 100 chini ya paa unaweza kulala chini kwa misimu miwili ukiwa wazi.

Kwa idhini ya maandishi ya mwenye mali, na si bila hiyo, fanyeni mambo machache ya gharama ndogo. Zibeni tundu za paa kwa bati hata kama ni bati kuukuu. Safisheni mifereji ya paa. Chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, na pale udongo ulipopanda juu kwa miaka mingi, ushusheni mpaka uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Mtini ulioota ukutani msiung'oe kwa nguvu, kwa sababu mizizi iko katikati ya tofali na itatoka nazo. Ukateni shina, uwekeeni dawa ya kuua kisiki, uachwe ukauke.

Tahadhari moja ya uhai: majengo yaliyokarabatiwa katikati ya karne iliyopita yanaweza kuwa na paa la asbesto, zile karatasi nene za kijivu zenye mawimbi. Vumbi lake linaua mapafu taratibu. Msilivunje, msilikate kwa msumeno, msilipige mswaki. Mwiteni mtaalamu.

Lipimeni na kuliandika

Chukueni siku mbili. Watu watano wanatosha: mwenye utepe wa kupimia, mwenye simu yenye kamera nzuri, mwenye kuandika, fundi mwashi na seremala. Pigeni picha kila ukuta kwa nje na ndani, kila mlango, kila kenchi, kila ufa. Choreni ramani ya sakafu kwa kipimo cha 1 kwa 100 hata kwa mkono. Andikeni kila kitu kimetengenezwa kwa nini: tofali la kuchoma au tofali bichi, chokaa au saruji, mninga au mbao nyingine. Mninga wa misitu ya huku ni mbao ya kuheshimiwa, na mara nyingi utakuta mlango una miaka 90 na kilichooza ni fremu ya chini tu.

Kwenye nyufa, wekeni alama ya penseli kila upande wa ufa na tarehe yake, kisha mpime umbali kati ya alama hizo kila mwezi mpaka mvua ziishe. Ufa usiopanuka ni kovu la zamani. Ufa unaopanuka maana yake msingi unatembea, na hapo mnamhitaji mhandisi aliyesajiliwa kabla ya mtu yeyote kupanda juu.

Msilidharau jambo hili. Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib kule Zanzibar ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa jengo la mwaka 1883, mashuhuri kuliko lolote tulilo nalo Tabora, ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia. Kama lile liliweza kuanguka, godauni letu haliwezi kuendeshwa kwa kukisia.

Sikilizeni mtaa kabla ya kuuambia

Hii ndiyo hatua ninayoomba muifanye bila haraka, kwa sababu ndiyo inayoharakishwa kila mara. Mkutano huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wanakuja wazee wanaume na wajumbe, mtu mmoja anasoma mradi, watu wanapiga makofi, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Baadaye karatasi ile ile inaambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Waliohudhuria walisaini kwamba walikuwepo. Hakuna aliyewauliza kitu.

Anzeni na walio ndani ya jengo na chini ya veranda yake. Mama lishe anayepika pale tangu alfajiri, fundi cherehani, kijana wa bodaboda anayeegesha kivulini, muuza asali, mlinzi anayelala pale bila mshahara. Hawa ndio watakaofukuzwa wa kwanza jengo likipendeza. Waendeeni mmoja mmoja, mkae, mnywe chai mliyoilipia. Msiwaulize kama wanaupenda mradi, kwa sababu watakujibu wanaupenda, maana wanaogopa. Waulize: "Mama, ukiondoka hapa miezi sita, wateja wako watakupata wapi?" Jibu la swali hilo ni sehemu ya mpango wenu, na liandikwe.

Kisha nendeni kwa wazee, wanawake kwa wanaume, nyumbani kwao. Waulizeni jengo liliitwaje, nani alikuwa na ufunguo, biashara gani ilifanyika, lilifungwa lini na kwa nini. Rekodini kwa simu, kwa ruhusa yao. Mtasikia mambo ambayo hayamo katika faili lolote, na mengine hayatapendeza. Mji huu ulipata utajiri kwa pembe za ndovu na kwa watu waliouzwa. Baadaye watu walilipishwa kodi na kufanyishwa kazi na watawala wa kigeni. Mtoto wa mpagazi na mtoto wa tajiri wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja leo. Msimnyamazishe yeyote ili hadithi iwe tamu kwa watalii. Jengo likifunguliwa, maandishi ya ukutani yaeleze lilivyokuwa, na familia zilizosimulia ziyasome kwanza.

Baada ya hapo ndipo mkutano. Uitishwe kupitia Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, kwa sababu mkutano mkuu wa mtaa ni kikao halali na muhtasari wake ni nyaraka ya serikali. Ombeni ufanyike jioni au Jumapili alasiri, mbele ya jengo lenyewe kama ni salama. Bandikeni michoro mikubwa ya jengo lilivyo sasa, lakini msibandike hata mmoja wa litakavyokuwa. Mtu akiona mchoro uliokamilika anaona ameshaamuliwa. Wapeni watu vipande vya karatasi, asiyejua kuandika aandikiwe na kijana wa sekondari, kila mmoja aseme mambo matatu: nini kisiguswe, nini kiondoke, nini kiletwe. Bandikeni karatasi zote ukutani, zisomwe kwa sauti bila kutaja majina. Wanawake wakikaa kimya kwenye mkutano wa pamoja, wafanye kikao chao tofauti kwanza. Hilo nimeliona likibadilisha kila kitu: wanaume walitaka ukumbi wa harusi, wanawake wakataka choo cha umma, maji na mahali pa kuuzia penye paa.

Muhtasari uandikwe siku ile ile, uwe na hoja za waliokataa pia, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe muhuri. Toeni nakala tano. Karatasi hiyo mtaihitaji katika kila hatua iliyobaki.

Ngazi za kupanda, na pa kusemea katika kila ngazi

Kutoka mtaani, jambo hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake. Mpelekeeni diwani muhtasari nyumbani kabla ya kikao, kwa adabu, mkamweleze kwa dakika kumi. Diwani anayesikia jambo kwa mara ya kwanza mbele ya watu hulikwepa. Aliyelielewa hulibeba kama lake.

Kutoka kata, mambo ya viwanja na majengo huenda kwa wataalamu wa manispaa na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake vya kawaida ni vya wazi kwa wananchi kusikiliza. Huwezi kusimama ukasema mle, lakini diwani wako anaweza, na atasema vizuri zaidi akiwaona mmekaa nyuma.

Kuna nyakati tatu ambazo sheria na taratibu zinakufungulia mlango wewe mkazi, na lazima muwe macho kuzikamata:

1. Mpango kabambe, yaani wa mji mzima, au mpango kina, yaani wa eneo moja, unapoandaliwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Wadau huitwa, rasimu huwekwa wazi ili watu waione na kutoa maoni au pingamizi. Mtumeni mtu mmoja mwenye jukumu la kupita ubao wa matangazo wa manispaa kila wiki.

2. Mwenye mali anapoomba kubadili matumizi ya kiwanja, tuseme kutoka makazi kuwa hoteli. Hapo tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aandike. Tangazo likibandikwa kwenye jengo, lipigeni picha likiwa na tarehe, na jibuni kwa maandishi ndani ya muda ulioandikwa. Msijibu kwa mdomo.

3. Mradi unapohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mtaalamu mshauri hulazimika kuwahoji watu wa eneo. Akija, msimpe maneno tu. Mpeni muhtasari wenye muhuri, mumuombe auambatishe.

Ukinyimwa nyaraka, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Itaje sheria hiyo kwa jina katika barua, kwa heshima, bila vitisho. Na kila barua unayopeleka, popote, uwe na nakala ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ni sawa na ambayo haikuandikwa.

Litumike kwa nini?

Majengo ya kale yaliyopona hapa nchini ni yale yaliyoendelea kuwa na kazi. Stesheni ya Kigoma ilijengwa enzi za Wajerumani na ikaendelea kupokea abiria. Boma la Kale la Dar es Salaam, la miaka ya 1860, lilikarabatiwa likafanywa kituo cha urithi wa majengo. Makumbusho pekee, kwa mji wa ukubwa wetu, siyashauri. Wageni ni wachache, umeme na mlinzi vinalipwa kila mwezi, na baada ya miaka mitatu mlango unafungwa tena.

Mchanganyiko ndio unaokaa. Vyumba vya mbele, barabarani, vipangishwe kwa biashara ndogo: asali ya Tabora iliyofungashwa vizuri, kazi za seremala, mgahawa wa mama lishe wale wale. Kodi yao ilipe mlinzi na matengenezo. Chumba kikubwa kiwe cha mikutano, mafunzo na harusi. Kona moja iwe ya historia, yenye picha na sauti za wazee mliowarekodi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na hesabu zenu zikionyesha kodi ya chumba ndani ya mpango wa biashara, ombi lina uzito.

Mwekezaji akija

Msimkimbize. Ukarabati wa kweli una gharama ambazo mtaa hauwezi kubeba peke yake, na mwenye mali, awe shirika la umma au familia, ana haki ya kupata kitu kutokana na mali yake. La muhimu ni kinachoandikwa. Mkataba ni kati ya mwekezaji na mwenye mali, lakini mnaweza kuomba masharti yenu yaingie humo, na mnaweza kuomba manispaa iyaweke kama masharti ya kibali. Mimi ningepigania haya: sura ya mbele, paa na veranda visibadilishwe, waliokuwa wakifanya biashara pale wapewe nafasi ya kwanza kurudi, kwa kodi inayojulikana tangu mwanzo, njia ya kupita na kivuli cha veranda vibaki vya umma, vibarua wasio na ujuzi maalumu watoke kata hii, na kazi isipoanza ndani ya muda uliotajwa, jengo lirudi kwa mwenyewe. Sharti la mwisho ndilo linalozuia mtu kushika jengo ili lianguke lenyewe, apate kiwanja kitupu bila lawama.

Muulizeni pia swali moja mbele ya watu: nani atalitunza mwaka wa kumi?

Kazi yenyewe

Kibali cha ujenzi hutolewa na manispaa hata kwa ukarabati mkubwa. Michoro iandaliwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, mahesabu ya uimara na mhandisi aliyesajiliwa, na mchanganuo wa gharama na mkadiriaji majenzi. Ongezeni akiba ya asilimia 15 hadi 20 kwa yatakayojitokeza mkifungua sakafu na dari, kwa sababu yatajitokeza.

Kosa linaloua majengo ya kale baada ya kuokolewa ni saruji. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa, au kwa tofali bichi kama tembe, hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji unaufunga pumzi. Maji yanabaki ndani, tofali linalainika, chumvi inapanda, na baada ya miaka michache plasta inadondoka na uso wa tofali ukiwa umeshikamana nayo. Fundi wako atakuambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli ni ngumu zaidi, na ugumu huo ndio unaolivunja tofali laini lililo nyuma yake.

Tumieni chokaa kwa chokaa, udongo kwa udongo. Chokaa ya mifuko ilowekwe majini angalau siku nzima mpaka iwe kama siagi, na ikikaa wiki kadhaa imefunikwa ni bora zaidi. Kipimo cha kuanzia ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi uliochekechwa. Pigeni matabaka membamba, kama sentimita 1 kila moja, na kila tabaka liachwe likaze kabla ya jingine. Ukuta ufunikwe magunia yenye maji kwa siku kadhaa, maana jua la Tabora la Septemba hukausha chokaa kabla haijashika. Kama mnatumia chokaa mbichi ya mawe, tieni chokaa kwenye maji, kamwe msimimine maji juu ya chokaa, kwani inachemka na kuruka, na jicho moja likipotea hakuna jengo linalolilipa. Kwa tembe, rudisheni udongo wa aina ile ile uliochanganywa na majani makavu.

Jaribuni kwanza kipande cha mita moja ya mraba sehemu isiyoonekana, mkiache mwezi. Fundi aliyekifanya vizuri ndiye mumpe kazi, na mumwekee vijana wawili wa kujifunza.

Mbao zilizooza zikatwe pale palipooza tu, ziungwe na mbao ya aina ile ile. Mchwa utafutwe kwenye msingi na kwenye kenchi, si kwenye milango peke yake. Picha mlizopiga mwanzoni zikae pale kazini, na siku ya kukabidhi kila ukuta ulinganishwe na picha yake.

Mambo yakiharibika

Ukisikia nyundo na hujaona kibali, nenda kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa mhandisi wa manispaa, siku hiyo hiyo, ukiwa na picha na barua. Mjenzi asiye na kibali anaweza kusimamishwa, na amri ya kusimamisha ndiyo mnayoitaka, kwa kuwa kilichobomolewa hakirudi. Kama jengo limetangazwa kuwa la kale, taarifa iende pia Idara ya Malikale.

Mgogoro wa umiliki au upangaji huanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata na kuendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama mnataka kuishtaki halmashauri au taasisi ya serikali, kumbukeni notisi ya siku 90, na mtafuteni mwanasheria kabla ya kuhesabu siku hizo, kwa sababu katika siku 90 jengo linaweza kuisha.

Likishafunguliwa

Undeni kamati ndogo yenye mwakilishi wa mwenye mali, wa wapangaji, wa mtaa, na mtu mmoja wa ofisi ya mhandisi. Iwe na daftari la mapato na matumizi linalosomwa katika mkutano wa mtaa. Iwe pia na daftari la jengo: tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika, nani alifanya.

Kila Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, watu wawili wapande wasafishe mifereji ya paa, wahesabu misumari iliyolegea, wakate miche ya mtini ikiwa bado midogo kama kidole. Mwezi Mei, mvua zikishaisha, wazunguke na penseli kupima zile alama za nyufa. Ngazi ya kupandia iwe mali ya jengo, ifungiwe humo humo, na funguo ziwe mbili: moja kwa mlinzi, nyingine kwa Mwenyekiti wa Mtaa.